Mashua ya Nyuzi Sita

Ko. Ko-ko. Ko.

Niliusikia mlio huo kabla sijatoa ufunguo mfukoni. Mti unagonga chuma, chuma kinasukuma kitu laini, kisha kimya cha pumzi moja, kisha tena. Nilisimama mbele ya mlango wangu mwenyewe pale mjini, mtaa wa Manyatta, mkate kwapani, na kwa muda mfupi nikawa mtoto wa miaka saba. Hivyo ndivyo ufuo wa Luanda Kotieno ulivyolia asubuhi zetu zile: mafundi wa mashua wameketi mchangani, wanashindilia pamba kati ya ubao na ubao ili ziwa lisiingie.

"Fundi wako hajapumzika tangu uondoke," mama wa jirani akaniambia, mikono yake imezama kwenye beseni la nguo. "Leo anajenga meli. Mwambie asitusahau siku ya safari."

Nikafungua kufuli, nikavuta komeo, nikauinua mlango kidogo, maana bawaba zake zimelegea na usipouinua unakwaruza sakafu. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, na kati ya magoti yake alikuwa amebana gita langu. Au niseme kiwiliwili cha gita: ubao mtupu wenye rangi ya asali, bila shingo wala nyuzi. Miguuni pake mto wangu ulikuwa umepasuliwa tumbo. Alichomoa pamba, akaisokota kwa vidole mpaka ikawa kama kamba, akaiweka kwenye tundu na kuishindilia kwa bisibisi, akiigonga kwa mwiko wa ugali. Alikuwa ameshaziba matundu yote. Yale manne ya skrubu za shingo, yale ya vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti, hata ile njia nyembamba iliyotobolewa ndani ya ubao ili waya upite.

Akainua uso, akanitazama kwa adabu.

"Karibu, bwana," akasema kwa Kiswahili. "Hii mashua yako ilikuwa na matundu mengi sana. Nani alikutengenezea?"

Kiswahili hicho ndicho kilichonisimamisha mlangoni, kuliko pamba.

Kwetu tunaongea Kijaluo. Kiswahili baba alikiokota kazini, kwa wateja: wavuvi wa visiwani, wachuuzi wa samaki waliovuka kutoka upande wa Tanzania, watu waliokuja na kamba ya kupimia na kuondoka na mashua. Kilikuwa lugha yake ya kukubaliana urefu na upana. Hakuwahi kunibembeleza wala kunigombeza kwa lugha hiyo. Kwa hiyo tangu ugonjwa wa kusahau ulipoanza kumla, nilikuwa na kipimo ambacho hakikuwahi kunidanganya. Akinipokea kwa Kijaluo na kuniita wuoda, mwanangu, basi nilikuwapo. Akiniita bwana, nilikuwa mteja aliyeingia kutoka barabarani. Nami nilimjibu kwa lugha aliyoichagua yeye, kwa sababu nesi wa kliniki alikuwa ametuonya tusimbishie. Mambo mengi ya mwisho tuliyoambiana, mimi na baba yangu, tuliambiana kama fundi na mteja. Labda ndiyo sababu haya nayo yamekuja kwa Kiswahili.

"Nilinunua tu, fundi," nikamjibu siku hiyo. "Sijui aliyeitengeneza."

"Alikuibia," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Alikuja kukaa nami baada ya tukio la ziwani. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na wavuvi waliorudi asubuhi walimkuta amesimama majini, mawimbi yakimfika kifuani, anapapasa tumbo la mashua ambayo haikuwapo. Walipomwita aliwaambia wasubiri, bado anakagua. Kaka yangu mkubwa, anayeishi nyumbani na mke wake na kulitunza boma, alinipigia simu akicheka ili asilie. Nikasema namchukua. Akakataa.

"Kwa mila yetu mzee halali kwenye nyumba ya mwanawe. Unajua hilo kama unavyojua jina lako."

"Hii si nyumba yangu. Ni ya mwenye nyumba wangu."

Akacheka, safari hii kweli. "Haya, mwandishi. Hukosi maneno." Halafu sauti yake ikashuka. "Nitakuja kuona. Nikimkuta anaishi kama mtu, abaki huko. Nikimkuta kama mbuzi wa kamba, narudi naye siku hiyo hiyo."

Nikamwahidi. Na mwezi wake wa kwanza kwangu sikufunga mlango kabisa. Lakini nafundisha nusu siku, na baba ana miguu. Mara ya kwanza alipatikana mtaa wa Nyalenda, kwenye bomba la maji, anawapanga akina mama na mitungi yao akiwaambia mzigo ukae katikati la sivyo watapinduka. Walimpenda, wakampa chai. Mara ya pili alipatikana kwenye barabara ya kuelekea ufuoni, peku, na dereva wa lori alinisimulia alivyokanyaga breki. Siku iliyofuata nilinunua kufuli. Nilijiambia ni kwa saa nne tu. Baba aliuliza mara moja, kwa Kijaluo, kwa nini nyumba hii inafungwa kwa nje kama banda la kuku. Nikampa ndizi.

Nesi ndiye aliyesema mikono yake ipewe kazi. "Kichwa kinasahau, mikono inachelewa kusahau," alisema huku akiandika kitu kingine. Nikakumbuka boksi lililokuwa chini ya kitanda changu. Rafiki yangu aliyehamia Nakuru alikuwa ameniachia gita la umeme la kujiundia: ubao uliokatwa tayari, shingo, nyuzi sita ndani ya bahasha, mfuko wa skrubu, na karatasi yenye michoro isiyo na huruma kwa mtu anayeanza. Nilikuwa nimelitaka gita tangu ujana, nikaliogopa boksi hilo miaka miwili.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri kiasi kwamba naona vigumu kuziandika. Nilimpa baba msasa. Hakuuliza ni wa nini. Alifumba macho, akaupitisha ule ubao kwa kufuata nyuzi za mti, akasimama, akapuliza vumbi, akapitisha shavu lake juu yake kama anayesikiliza. Alinifundisha kwamba kiganja kinadanganya, shavu halidanganyi. Alipaka mafuta kwa kitambaa, tabaka jembamba, likikauka jingine, mpaka rangi ya uji ikawa rangi ya asali. Mama wa jirani alikuja kuona, akauliza kama fundi anaweza kumpaka na yeye, pengine mume wake atarudi nyumbani mapema. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Siku nyingine alijua ni gita. Nilipomwonyesha yale mapande mawili yenye sumaku, yanayokaa chini ya nyuzi na kunasa mlio wao, nikamwambia yanaitwa pikapu, akatazama dirishani.

"Imeegeshwa wapi?"

"Nini, baba?"

"Hiyo pikapu. Ndiyo itakayobeba mashua mpaka majini?"

Sikujua kama ametania au amepotea. Naye alikuwa ananitazama kwa jicho moja lililofinywa, jicho la zamani, na mpaka leo sijajua.

Kisha yakaanza matundu. Gita la umeme lazima liwe na matundu, na fundi wa mashua hawezi kuliacha tundu wazi. Ni kama kumwomba mama asimfute mtoto kamasi. Nilichomoa pamba kwa sindano ya kufumia. Nikarudi kutoka kazini na kuikuta imerudi. Nilificha mto, akatumia soksi. Nilificha soksi, akachomoa pamba ya godoro. Nilipojaribu kumweleza aliniangalia kwa masikitiko ya mtu anayejua sheria za maji mbele ya mtu asiyezijua.

"Bwana, mimi sitaki watu wako wafe," akaniambia.

Nikajifunza kufanya kazi yangu mchana anapolala. Nilifunga shingo kwa skrubu nne. Nilijifunza kulehemu nyaya kwa kuunguza vidole viwili na kitambaa cha meza. Matundu makubwa niliyashinda. Lakini ile njia nyembamba ya ndani, ile inayopeleka waya kutoka kwenye vifundo mpaka chini ya daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi, ilikuwa imeshindiliwa kwa ustadi wa miaka arobaini. Pamba ilikuwa imekaza kama mti. Michoro iliuita waya huo waya wa ardhi. Sikuona unafanya kazi gani. Haukubeba sauti, haukuunganisha kifundo chochote. Nikauacha, nikafunga daraja juu yake.

Kaka alipiga simu siku ya Jumatano. Angekuja Jumamosi, baada ya saa nane mchana.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo sasa naona lilikuwa la kitoto. Nilijiambia gita hili likilia mbele ya kaka, kila kitu kitaeleweka. Ataona ubao ulivyong'aa. Ataona mzee ana kazi, ana mikono, ana siku zenye mwanzo na mwisho. Hatauliza kuhusu kufuli. Kwa siku tatu nililifukuzia gita hilo kama mtu anayejaza maombi ya viza.

Jumamosi asubuhi nilivuta nyuzi sita, baba akishika shingo. Nilichomeka waya kwenye spika ndogo niliyoazima kanisani. Nikawasha.

Gita likavuma. Halikuwa limeguswa, lakini lilivuma, mvumo mnene usiokatika, kama nyuki ndani ya debe. Nikapunguza sauti, mvumo ukapungua nayo. Nikaongeza, ukajaza chumba. Niligusa nyuzi, hazikusaidia. Nyuma ya mvumo huo kulikuwa na noti, lakini zilisikika kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara ya malori.

Baba aliinamisha kichwa.

"Inavuja," akasema.

"Si kuvuja, fundi. Ni umeme."

"Inavuja, bwana. Sikia." Akapapasa ubao taratibu, kama alivyopapasa siku ile ziwani, mpaka kiganja chake kikafika kwenye kibati cha chuma pale waya unapochomekwa. Mvumo ukanyamaza. Ghafla, kabisa. Akainua kiganja, ukarudi. Akakirudisha, ukanyamaza. Alinitazama kama fundi anayemwonyesha mteja mahali palipooza. "Hapa. Mtu akikaa hapa ameweka mkono, mtafika. Akichoka, mmekwisha."

Nikafungua ile karatasi ya michoro na safari hii nikaisoma. Waya wa ardhi ndio uliopaswa kufanya kazi ya kiganja hicho. Bila huo, gita linavuma mpaka mtu akubali kuwa ardhi yake.

Nilifungua daraja. Nikachimba pamba kwa waya wa hanga iliyonyooshwa, kipande kwa kipande, na baba akaitazama ikitoka, akikiokota kila kipande na kukiweka mapajani. Ilipofunguka njia ilikuwa karibu saa tano. Nilichomeka chuma cha kulehemu, nikakiweka juu ya kopo. Kilikuwa kimeanza tu kupata joto stima ikapotea. Mtaa mzima ulipiga ule mguno mmoja anaoujua kila mtu aliyeishi Manyatta. Nikapima waya uliobaki: mfupi kwa upana wa vidole vitatu.

Kaka alikuwa anakuja saa nane. Stima hakuna. Duka la vifaa vya redio liko Kondele, kwenda na kurudi haizidi nusu saa. Nilimpa baba chai ya chupa na kipande cha mkate. Nikauinua mlango, nikaufunga, nikasukuma komeo, nikabana kufuli. Chuma nilikiacha kwenye soketi, kwa sababu kilikuwa baridi na akili yangu ilikuwa kwenye waya.

Dukani kulikuwa na foleni. Nilikuwa nimeshika mita moja ya waya mweusi mkononi redio ya muuzaji ilipoanza kuimba yenyewe juu ya rafu. Watu wakashangilia kidogo. Mimi pia nilifurahi. Nilitembea hatua labda ishirini nikiwa na furaha hiyo.

Kisha nikakimbia.

Kaka alikuwa amefika mapema. Nilimwona kutoka kwenye kona: kofia yake ya Jumapili, mfuko wa samaki mkavu miguuni, uso wake umebanwa kwenye nondo za dirisha langu. Mama wa jirani alikuwa nyuma yake ameshika beseni la maji na hana pa kulipeleka. Kulikuwa na harufu ya pamba inayoungua.

"Achia hicho, baba," kaka alikuwa akisema kwa Kijaluo, taratibu, kama unavyoongea na mtoto aliyepanda paa. "Kiweke chini. Hivyo. Njoo hapa dirishani unisalimie."

"Nakuja, wuoda," baba akajibu kutoka ndani. "Hii lami haitaki kuyeyuka."

Ufunguo ulinikataa mara mbili. Tulipoingia moshi ulikuwa mwembamba tu, wa buluu. Alikuwa ameziba tena ile njia ya waya, kwa pamba yote niliyoichimba, na kwa kuwa aliona chuma cha moto alikuwa anaifunga kwa juu, kama walivyokuwa wakifunga kwa lami ufuoni. Alikuwa amekishika chuma hicho mahali pasiposhikwa. Ngozi ya kiganja chake cha kulia ilikuwa imenyauka na kuwa nyeupe. Hakulia. Kaka alimwinua, akakizamisha kiganja chake kwenye beseni, akakishikilia humo kwa mikono yake miwili.

Nilichomoa chuma kwenye soketi. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki, nikaifanya.

"Nilienda kununua waya," nikasema. "Nusu saa tu. Stima haikuwepo."

"Sijaja kukugombeza."

"Alikuwa anaendelea vizuri. Angalia huo ubao, kaka. Upapase. Yeye ndiye aliyeulainisha."

Akaupapasa kweli, kwa heshima, kwa mkono mmoja uliolowa. Pembeni mwa mahali pa daraja palikuwa na doa jeusi la kuungua, upana wa sahani ya kikombe. "Ni mzuri," akasema. "Ana mikono bado." Halafu akatazama mlango, na mimi nikatazama alipotazama. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, na ufunguo wangu ndani yake.

"Nyumbani kuna ziwa," nikamwambia.

"Najua kuna ziwa. Na hapa kuna kufuli."

Kama angenipigia kelele ningepata cha kujibu. Mama wa jirani alileta asali na kitambaa safi, akamfunga baba mkono, akamwambia sasa amekuwa bondia. Baba akamwonyesha ngumi. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona mwezi mzima, akimuuliza kaka habari za mashua fulani na fulani, za watu ambao wengi wao tumewazika, na kaka akimjibu kuwa wote wanamsalimu. Nilikusanya nguo zake. Zilijaa mfuko mmoja. Niliweka pia ule mwiko, sijui kwa nini.

Wakiwa tayari, baba alikataa kuondoka. Hakukataa kwa hasira. Alisema hawezi kumwachia mteja kazi bila kuijaribu. Kaka alinitazama, nami nikawasha spika na kuchomeka gita, hivyo hivyo lilivyokuwa, likiwa na pamba tumboni.

Likavuma.

Baba akasogea, akaweka mkono uliofungwa kitambaa juu ya kibati. Kitambaa kilikuwa kinene, mvumo haukunyamaza. Akabonyeza zaidi, akaumia, nikaona alivyoumia, nikautoa mkono wake pale kwa mkono wangu. Kwa kitambo nilikishika kiganja chake na hakukiondoa. Nilingoja neno moja, wuoda. Nilikuwa tayari kulipokea hata kama angelisema kwa makosa, hata kama angekuwa ananidhania kaka yangu.

"Bado inavuja, bwana," akasema. "Nisamehe. Iache ikauke, uilete Jumatatu. Mimi niko hapa siku zote."

"Nitaileta, fundi," nikamjibu.

"Usiitie majini kabla sijaiona."

"Siitii."

Kaka alibeba mfuko, akanigusa bega, akatoka kwanza ili atafute bodaboda wawili wa kuwapeleka kwenye magari. Alinionya kwa macho nisifuate. Baba akavuka kizingiti baada yake, akageuka, akazitazama bawaba zilizolegea, akatikisa kichwa kwa kazi ya fundi aliyeuweka mlango. Kisha, kwa mkono wake mzima, aliuinua mlango kidogo usikwaruze sakafu, akaufunga, na mimi, ndani, nikasikia komeo la nje likisukumwa mpaka mwisho.